Saa Zilizokatwa kwenye Video

Mzigo wa kwanza wa mabua niliobeba kutoka shambani Kikwawila haukutoa hata kamba ya urefu wa mkono. Video niliyokuwa naifuata nilikuwa nimeitazama mara nne. Mzee wa Kijapani amekaa sakafuni, amenyoosha miguu, kamba ameipitisha kwenye vidole vya miguu yake, na ndani ya dakika 11 mabua ya mpunga yamegeuka kandambili. Zinaitwa zori, na ndala zetu za mpira ni wajukuu zake. Mpunga tunao. Bonde la Kilombero likishavunwa, mabua hubaki mashambani mpaka yachomwe au yaliwe na ng'ombe. Nikaona hapa hakuna cha kununua, ni mikono tu. Nikasokota. Bua la kwanza likakatika, la pili likapasuka kwa urefu, la tatu likamwaga vumbi jeusi lililonikereketa koo mpaka jioni.

Nafundisha ususi, usokotaji wa kamba na utiaji rangi hapa Ifakara. Zamani mwanafunzi alikuja mikono mitupu akauliza, "Mwalimu, leo tunafanya nini?" Siku hizi anakuja na simu. "Mwalimu, shikamoo. Hebu tazama hiki. Tunakiweza?" Ananionyesha kikapu cha Bolgatanga kule Ghana, au mkoba wa kamba za pamba uliofungwa kwa mafundo, au taa ya mianzi. Naufurahia sana mwendo huu. Bando la elfu moja linamfikisha binti wa Lipangalala kwenye karakana ambayo hakuna chuo kingeweza kumpeleka, na anamwona fundi wa mbali kwa karibu kuliko mimi ninavyoweza kumwonyesha nikiwa na watu kumi wamenizunguka.

Ila miaka hii nimejizoesha kutazama video kwa jicho jingine. Sifuati mikono peke yake. Natafuta mahali picha ilipokatwa. Fundi anatumbukiza majani kwenye beseni, picha inaruka, anayatoa yamelainika. Hapo katikati zimepita saa ngapi? Ni usiku mmoja au siku tatu? Jua lilikuwa kali kiasi gani? Fundi hakukusudia kuficha kitu, maana nani atakaa kutazama beseni la maji saa nane nzima? Lakini sehemu kubwa ya ufundi imo ndani ya saa hizo zilizokatwa: kuloweka, kuanika, kupoza, kukomaza, kuacha kitu kitulie. Na hizo ndizo saa zinazobadilika mtu akihama kutoka nchi kavu kuja kwenye bonde la maji. Vidole vya yule mzee naweza kuviiga. Hewa ya nyumbani kwake siwezi kuiiga.

Hewa yetu ina tabia yake. Bonde la Kilombero ni ardhi oevu iliyoingizwa kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2002, eneo la karibu kilomita za mraba 8,000. Upande mmoja imesimama milima ya Udzungwa, upande wa pili vilima vya Mahenge, na mito inayoteremka kutoka huko inaujaza mto Kilombero, ambao unakwenda kukutana na Luwegu ndipo unapozaliwa Rufiji. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, nguo iliyoanikwa asubuhi inaondolewa kambani jioni ikiwa bado na ubaridi. Mkoba wa ngozi uliosahauliwa nyuma ya mlango unaota ukungu wa kijani. Kitu chochote kilichotokana na mmea, yaani bua, ukindu, pamba, mbao, gunia au karatasi, kinavuta maji kutoka hewani na kuyarudisha, mchana na usiku, hata kikiwa kimekwisha kusukwa na kuwekwa kabatini.

Nirudi kwenye mabua, maana hapo ndipo nilipofundishwa.

Nilitafuta video nyingine za kazi hiyo hiyo, zile ndefu zisizo na muziki, na humo nikaona yaliyokuwa yamekatwa. Kwanza, bua la kusokotea halichukuliwi ovyo. Kwa zile kamba kubwa wanazotundika kwenye mahekalu yao Wajapani hukata mpunga ungali kijani, kabla punje hazijakomaa, kwa sababu bua la mpunga uliokomaa limeshaanza kukauka na kuvunjika kwa urahisi. Pili, wanalichambua: yale majani yanayolikumbatia bua wanayavua, ukabaki ule mti wa ndani. Tatu, wanalinyunyizia maji na kuliacha litulie. Nne, wanaliponda kwa nyundo ya mbao juu ya jiwe, kwa muda mrefu, wakiligeuza. Hapo ndipo kusokota kunapoanza. Ile video ya dakika 11 ilianzia hapo.

Kila hatua ina sababu, na ukiijua sababu unaweza kubadilisha vifaa bila kuharibu kazi. Bua la mpunga ni mrija mtupu. Nyuzi zake zenye nguvu ziko karibu na ganda, na ganda lenyewe limejaa silika, madini yale yale ya mchanga na kioo. Kwenye mabua ya mpunga silika inaweza kufika sehemu ya kumi ya uzito mkavu au kuzidi. Ndiyo inayokwaruza mikono ya wavunaji na kufanya mkasi uwe butu. Ukisokota mrija mkavu wenye ganda la namna hiyo, hauwezi kupinda, kwa hiyo unavunjika. Maji yakiingia kati ya nyuzi yanazilegeza, ziteleze badala ya kukatana. Kuponda kunavunja ule mrija na kuzitenganisha nyuzi bila kuzikata, na fungu ambalo lilikuwa vijiti linakuwa utepe.

Nyundo ya Kijapani sikuwa nayo. Nilikuwa na mchi wa kutwangia na kigogo cha mwembe. Nikaponda fungu la unene wa kifundo cha mkono, nikiligeuza kila baada ya mapigo machache, na sikio ndilo lililoniambia mambo yanakwendaje. Mwanzoni bua linalia kama kuni kavu. Baadaye sauti inazama na kuwa nzito, kama mtu anayepiga mto wa sufi. Ikifika hapo, lishike: linakunjika juu ya kidole na kubaki limekunjika, na linanukia kama ghala siku ya kwanza ya mavuno.

Lakini hata baada ya kuponda, mabua yangu ya Kikwawila yaliendelea kukatika. Shamba lile lilivunwa kwa kombaini. Simlaumu mkulima, kombaini inamwokolea mpunga wake kabla mvua au ndege havijauwahi. Ila inalitafuna bua na kulimwaga vipande vipande, kisha umande na jua vinalimalizia. Nikatafuta shamba lililovunwa kwa mundu. Hapo nikakutana na jambo la pili, mbegu. SARO 5, ambayo kwa watafiti ni TXD 306, ina bua fupi, na ufupi huo ni sifa njema: mpunga haulali shambani. Kituo cha utafiti wa mpunga kiko hapa hapa Ifakara, wengi wetu bado tunakiita KATRIN, na wakulima wa bonde wamenufaika na mbegu fupi za namna hiyo. Supa ni ndefu na inalala kwa upepo, na kwa sababu hiyo inamsumbua mkulima. Kwa msokotaji, urefu ule ule ni mali. Bua refu maana yake ni maungio machache, na kila ungio kwenye kamba ni mahali panapoweza kuachia.

Nilipata mzigo wa Supa iliyokatwa kwa mundu, nikauanika kivulini chini ya paa badala ya juani, nikauchambua, nikaunyunyizia maji jioni na kuufunika kwa gunia mpaka asubuhi, nikauponda. Kamba ikatoka.

Kusokota kwenyewe naomba nikueleze vizuri, kwa sababu ukielewa hapa utaelewa kamba zote duniani. Chukua mafungu mawili. Kila fungu lisokote kivyake kuelekea kulia. Kisha yazungushe yote mawili, moja juu ya jingine, kuelekea kushoto. Kila fungu linataka kujifungua, yaani kurudi kushoto. Lakini kurudi kwake kushoto ndiko kunakoyakaza mafungu yote mawili pamoja. Nguvu ya kujifungua imegeuzwa kuwa nguvu ya kufunga, ndiyo maana ukiachia mikono kamba inatulia mahali pake. Ukisokota yote upande mmoja, ukiachia tu inafumuka. Na bua jipya liongeze kabla la zamani halijaisha, fungu moja kwanza, jingine baada ya vidole vinne, ili maungio yasikutane sehemu moja.

Jirani yangu, bibi wa Kindamba, alipita akanikuta nimekaa hivyo hivyo kama yule mzee wa kwenye simu. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba ni kazi ya Japani. Akachukua mafungu mawili, akayaweka juu ya paja lake, akapitisha kiganja mbele, akakirudisha nyuma. Mbele mafungu yalijisokota, nyuma yakaungana. Kazi ninayoifanya kwa mikono miwili na vidole vya miguu, yeye aliifanya kwa kiganja kimoja. "Mwanangu," akaniambia, "nyumba zote za zamani hapa zilifungwa kwa hiki." Sikujua. Nimeishi naye jirani miaka yote hiyo, na ilibidi nipitie Japani ndipo nimwulize.

Kosa la pili la saa zilizokatwa naliona zaidi kwenye ukindu. Mwanafunzi mmoja alifuata video ya vikapu vya Ulaya. Fundi wa huko analoweka fito za mti uitwao willow, na zile zilizokaushwa pamoja na ganda lake zina kanuni maarufu: siku moja ya kuloweka kwa kila sentimita 30 za urefu. Binti akafanya hesabu, akaloweka chane za ukindu siku mbili. Akasuka ukili uliobana vizuri, mweupe, ukingo umenyooka. Wiki iliyofuata akauinua kuelekea dirishani na mwanga ukapita kila mahali kana kwamba ni chekeche.

Utembo wa mmea ukinyonya maji unavimba kwa upana, wala haurefuki kwa kiasi cha kuonekana. Ukikauka unarudi kwenye wembamba wake. Kwa hiyo chane iliyosukwa ikiwa imejaa maji inakuwa pana wakati wa kusuka na nyembamba wakati wa kutumika, na tofauti hiyo yote inageuka matundu. Fito ya willow ni nene na ngumu, bila kulowekwa kwa siku nyingi haipindi kabisa. Chane ya ukindu ni jani. Inachohitaji ni unyevu wa kuifanya isivunjike ikikunjwa, basi. Wasusi wetu wanaifuta kwa kitambaa kibichi, au wanainyunyizia maji na kuiviringisha kwenye khanga kuukuu kwa muda wa kupika chai. Na wengi wanasuka alfajiri au jioni. Nilidhani ni kukwepa jua na kazi za nyumbani, mpaka nilipoanika chane mbili, moja saa moja asubuhi na nyingine saa nane mchana, nikazikunja. Ya asubuhi ilikunjika kama karatasi laini. Ya mchana ilipasuka kwenye mkunjo. Hewa ya asubuhi ilikuwa imekwisha kuilowanisha bure.

Ukili ukishatoka mkononi, usiushone siku hiyo. Uanike mpaka ukauke kabisa, uubane kwa vidole chane zisogeleane, ndipo uchukue shazia uanze kuunganisha mkeka. Ukishona ukili mbichi, matundu yatatokea baada ya kushona, na hapo hakuna la kufanya.

Neno moja kuhusu kukata. Kwa kazi nyeupe tunatumia kuti changa ambalo halijafunguka, kwa sababu bado halijapata ukijani wote. Mkindu huota kwa kichaka, shina moja likidhoofika mengine yapo. Mvumo, ule mrefu unaouona umesimama peke yake kwenye mbuga za bonde, una kilele kimoja tu cha kukulia. Kikikatwa, mti mzima umekufa. Video ya kofia za majani ya mvumo haitakuonyesha mti uliotoka jani lile. Chukua kuti moja kwenye mti, uende kwenye mti mwingine, uuache ule wa kwanza upumue.

Sasa rangi, ambako ndiko vijana wanakopoteza fedha nyingi zaidi. Kuna video zinazopendwa sana za kutia uzi rangi ya chakula na siki. Ni nzuri kweli: uzi mweupe unaingia kwenye sufuria, maji yanabaki safi, rangi yote imehamia kwenye uzi. Mtu ananunua rangi ya keki, ananunua siki, anachemsha uzi wa pamba, anausuuza, na rangi yote inakwenda na maji. Anarudia, anaongeza siki. Inakwenda tena.

Uzi wa kwenye video ulikuwa wa manyoya ya kondoo. Manyoya, kama nywele zetu na kama hariri, yameundwa kwa protini, na rangi za chakula ni za jamii ya asidi: siki ikiwepo zinashikana na protini na kukaa. Pamba, ukindu, katani na bua la mpunga vimeundwa kwa selulosi, na selulosi haina mahali pa kuishika rangi hiyo hata ukiongeza chupa nzima ya siki. Pamba ina rangi zake: zile zinazohitaji chumvi na moto, na zile zinazohitaji magadi ya soda ili zifungamane na uzi moja kwa moja. Ukindu una kitu cha ziada, lignini, ile inayofanya mmea uwe mgumu kama ubao, na ndiyo maana unashika vizuri rangi kali za jamii ya besi, zinazong'aa sana na kupauka upesi juani. Ndiyo sababu mkeka mpya unawaka na mkeka wa barazani baada ya mwaka umefifia upande wa jua.

Na usiamini jina la dukani. Uzi wa kufumia sweta unaouzwa kwa wingi madukani kwetu mara nyingi ni akriliki, ambayo ni jamaa wa plastiki, wala si sufu ya kondoo. Kata kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa koleo juu ya sahani, kiwashe. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Manyoya yananuka nywele zilizoungua, na kidonge cheusi kinachobaki kinasagika kwa vidole. Akriliki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu kisichosagika. Dakika moja hiyo inakuokolea sufuria nzima ya rangi.

Rangi za mimea nazipenda kuliko zote na nazifundisha kwa tahadhari. Manjano, ile ya pilau, inashika pamba bila msaada wowote. Chemsha kitambaa cheupe robo saa na kinatoka kama ua la alizeti. Nilishona mto wa kiti kwa kitambaa hicho. Siku ya kwanza kukifua kwa sabuni ya kipande, kila mahali sabuni ilipogusa pakageuka pekundu, kama damu iliyokauka. Kiungo cha rangi ya manjano, kurkumini, kinageuka kuwa chekundu kikikutana na kitu chenye ualkali, na sabuni ya kipande ni alkali. Ukikisuuza kwa maji ya ndimu umanjano unarudi. Lakini jua halina ndimu yake: baada ya majuma machache dirishani, mto ulikuwa rangi ya mahindi mabichi. Video iliishia siku kitambaa kilipotolewa kwenye sufuria.

Kinachokaa ni rangi yenye tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi ukitafuna gome au ndizi mbichi. Tanini inashikana na selulosi, na yenyewe inashikwa na madini. Ukiongeza shabu, ile ya mawe meupe, rangi nyingine za mimea zinapata pa kukaa. Ukiongeza chuma, hata misumari yenye kutu iliyolowekwa kwenye siki kwa wiki, tanini inageuka kijivu mpaka nyeusi. Watu wa Mali wanafanya hivyo kwa matope kwenye vitambaa vya bogolani. Kwetu mdaa umetia ukili rangi ya kahawia na nyeusi tangu zamani. Na kule Okavango nchini Botswana, bonde jingine la maji, wanawake wanasuka vikapu vya majani ya jamaa wa mkoche wetu, na hudhurungi yao inatoka kwenye mizizi ya mti wa jamii moja na mdaa. Binti mmoja aliponiletea video ya vikapu hivyo akiuliza rangi ile inanunuliwa wapi, nilifurahi kumjibu kwamba hainunuliwi. Kazi ni kuchemsha mizizi, kuiacha ilale ndani ya maji yake, kuchemsha tena kesho yake. Siku mbili, ambazo kwenye video zilichukua muda wa kupepesa jicho.

Sabuni za kutengenezwa kwa mikono nazigusa kwa sababu moja tu, ni kazi pekee kati ya hizi inayoweza kumpofua mtu. Kilo moja ya mafuta ya nazi inahitaji kama gramu 183 za kostiki soda ili yote igeuke sabuni. Kilo ya mawese inahitaji kama gramu 141. Ukifuata kipimo cha nazi ukatumia mawese kwa kuwa ndiyo yaliyopo sokoni, gramu 40 na zaidi za soda zinabaki ndani ya vipande vyako, zinasubiri ngozi ya mtu. Pima kwa mizani, kamwe si kwa kikombe. Soda iingie kwenye maji, maji yasimwagwe juu ya soda. Na kwenye video wanatumia vyombo vya chuma kisichoshika kutu au plastiki ngumu. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, ambayo soda inaila huku ikitoa hewa inayoshika moto. Halafu zile wiki nne hadi sita za kukomaza sabuni: masika hapa kipande kinatoka jasho, kwa sababu gliserini iliyomo inavuta maji ya hewani. Tengeneza sabuni kiangazi.

Kuna karakana moja mjini kwetu inayoyafahamu haya yote kuliko mimi, ingawa haijiiti karakana. Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walichapisha matokeo ya tepe za kitambaa cha gunia zilizotiwa dawa iitwayo transfluthrini na kufungwa kwenye mwanya kati ya ukuta na paa, na zilifukuza mbu ndani ya nyumba na nje yake. Baadaye wakajaribu viti vya gunia, na kandambili za gunia. Uchaguzi wa gunia haukuwa wa bahati. Nyuzi zake zinanywa dawa na kuiachia polepole, kwa miezi. Tabia ile ile ya utembo wa mmea, ya kunywa na kuachia, ambayo ilimharibia binti ukili wake, pale imegeuzwa kuwa kinga dhidi ya mbu. Tafadhali mtu asichovye gunia kwenye dawa ya wadudu nyumbani kwake. Vipimo vile vina maabara nyuma yake. Nimewataja kwa sababu walianza na swali ninalotaka kila mwanafunzi wangu aanze nalo: kitu hiki kinafanya nini kikikaa hapa kwetu, mwezi baada ya mwezi?

Kwa hiyo kabla ya kikapu, mkoba au kandambili, tunatengeneza kipande cha kiganja. Kiganja kimoja cha ukili, kamba moja ya urefu wa mkono, kitambaa kimoja kilichotiwa rangi na kukatwa vipande vitatu. Kipande cha kwanza kinakwenda juani, cha pili kinafuliwa kwa sabuni ya kipande, cha tatu kinafungiwa ndani ya daftari gizani ili tuwe na cha kulinganishia. Ukili unapimwa upana kwa rula siku unaposukwa, na tena baada ya siku saba. Pembeni tunaandika tarehe, hali ya mvua na maji tuliyotumia. Vijana wanalalamika, na nawaelewa, kwa sababu simu imewaonyesha kitu kilichokamilika na mikono inawawasha. Wafumaji wa vitambaa vya pamba wa hapa mjini watawaambia vivyo hivyo: kitambaa kilichotoka kwenye kitanda cha kufumia hakipimwi kwa kushona mpaka kifuliwe kwanza, kwa sababu pamba ina ufupi wake ambao haijauonyesha.

Madaftari hayo sasa yamejaa rafu moja. La mwaka wa mvua nyingi lina kurasa zenye madoa ya ukungu, na madoa yenyewe tumeyaandikia tarehe.

Kandambili za Supa nimekwisha kutengeneza jozi mbili. Ya kwanza niliivaa mpaka ikaisha kisigino. Ya pili nilimpelekea bibi jirani, naye aliigeuza kila upande, akaonyesha kwa kidole mahali nilipounganisha mabua mawili sehemu moja, akaivaa. Kamba iliyobaki niliikata vipande viwili. Kimoja kinaning'inia ndani, juu ya jiko, moshi unapopita. Kingine nje, chini ya ukingo wa paa. Kila mwanzo wa mwezi nafunga ndoo kwenye kila kipande na kuongeza maji kwa kopo la lita moja, nikihesabu. Masika imeingia. Cha nje kimeanza kuota madoa ya kijivu karibu na fundo. Cha ndani kimekuwa cheusi kwa moshi, na ukikinusa karibu bado kina harufu ya mpunga.